Ukuta wa Ukumbini Hautaki Kukauka

BARUA

Mzee wetu mshauri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuandikia kuhusu nyumba ya marehemu babu yetu iliyoko Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja, ambamo tunaishi mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na mama yangu, ambaye umri umemfikia na hawezi tena kupanda na kushuka ngazi mara kwa mara. Ni nyumba ya chini na ghorofa moja, ya mawe na chokaa, yenye kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kujilaza ndani ya upana wa dirisha, na dari zake zote ni za boriti.

Tatizo lilianza ukumbini, kwenye ukuta unaopakana na kichochoro. Miaka minne iliyopita lipu ya zamani ilikuwa imechoka na ikidondoka chengachenga, tukamwita fundi akaibomoa, akapiga lipu ya saruji, na juu yake tukapaka rangi ya mafuta. Ukuta ulipendeza kwa masika moja tu. Baada ya hapo rangi ikatoa malengelenge, kisha ikabanduka magamba, na sasa kila asubuhi ninafagia chini ya ukuta huo unga mweupe kama chumvi ya mezani. Alama ya maji imepanda mpaka kifuani mwangu, ilhali zamani, kwa kumbukumbu za mama, haikuwahi kupita magotini. Juu ya alama hiyo ukuta ni mkavu. Wakati wa masika hali huzidi, lakini hata Januari na Februari hapakauki kabisa, na ajabu ni kwamba zipo siku ambazo mvua haijanyesha hata tone, ila hewa ni nzito, na ukuta unatoka jasho.

Jambo la pili liko jikoni, ambapo ni katikati ya nyumba na hapana ukuta wa nje. Karibu na dari kuna doa la duara, la manjano, lenye ukingo wa rangi ya chai, na boriti mbili zinazopita juu yake zimekuwa nyeusi. Moja nikiisukuma kwa mpini wa ufagio inabonyea. Juu ya jiko ndipo lilipo bafu tulilomjengea mama miaka minane iliyopita, ambalo liliwekwa vigae sakafuni na ukutani.

La tatu pengine ni dogo. Chumbani kwa mama, ghorofani, tangu tufunge kiyoyozi kumeota vidoti vyeusi nyuma ya kabati na kwenye pembe ya dari, na nguo zake zinanuka uvundo.

Fundi aliyekuja mwezi uliopita alisema yote haya ni ugonjwa mmoja, kwamba bahari iko karibu na nyumba imezeeka. Anashauri tupige upya lipu ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, kisha tuweke vigae ukumbini mpaka urefu wa futi tano. Kaka yangu aliyeko Muscat yuko tayari kutuma fedha, lakini anataka kwanza ajue kama fedha hizo zitatibu au zitafunika. Nimesahau kukwambia kwamba kichochoro chetu kiliwahi kupandishwa na kumiminiwa sakafu ya saruji. Zamani tulipanda ngazi tatu kuingia ndani na sasa imebaki moja. Sijui kama hilo linahusika.

Binti wa Kiponda

JIBU

Mwanangu, waalaykumu salaam, na marahaba.

Barua yako imeandikwa kwa jicho zuri kuliko ripoti nyingi nilizokabidhiwa nilipokuwa kazini, kwa sababu hukusema tu kwamba ukuta una maji. Umeeleza maji yako wapi, yamefika urefu gani, na yanajitokeza wakati gani, na katika kuutambua unyevu wa jengo la mawe mambo hayo matatu hutangulia kifaa chochote. Kwa kufuata maelezo yako mwenyewe naona fundi wako amekosea. Nyumba yako ina maji ya namna tatu, yaliyoingia kwa njia tatu tofauti, na lipu anayoipendekeza haizibi hata njia moja.

Naanza na jikoni, ingawa wewe uliliweka la pili, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kumdhuru mtu. Boriti ya mkoko ni mti mgumu sana, na ikiwa kavu na inapata hewa huweza kukaa miaka mingi kuliko sisi tunaoilalia chini yake, lakini udhaifu wake uko kwenye kichwa kilichozikwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki na hewa haipiti. Ukuta ukilowa hapo, kichwa cha boriti huoza huku tumbo lake likionekana zima. Wewe umesema inabonyea pale juu ya doa, maana yake uozo umeshatembea. Chukua bisibisi nyembamba au msumari wa inchi nne, simama juu ya meza iliyo imara, na uchome boriti ile pale inapoingia ukutani, kisha uchome na zile za jirani zinazoonekana nzima. Mti mzima hukataa: ncha huingia kidogo tu, na ukiunyanyua hutoka nyuzi ndefu. Mti uliooza hupokea ncha kama mkate uliolowa chai, na kinachotoka ni vipande vifupi visivyoshikana.

Kabla hata hujafanya jaribio hilo, acheni kulitumia bafu, mhamishieni mama maji ya kuoga mahali pengine, na mwambie mumeo atie mwega: nguzo moja imara kila upande wa doa, juu yake ubao mnene unaokamata boriti tatu au nne kwa pamoja, na chini yake ubao mwingine ili uzito usitoboe sakafu. Sakafu ya ghorofa katika nyumba zetu ni mawe na chokaa iliyopondwa juu ya boriti, nzito ikiwa kavu na nzito zaidi ikishanywa maji, na wewe umeiongezea saruji na vigae. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, jengo la mwaka 1883, iliporomoka pale Forodhani na watu wawili wakapoteza maisha. Silitaji tukio hilo ili nijadili sababu zake, bali kwa kuwa kila mtu mjini analikumbuka, na kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo waashi wote wanalijua: jengo la mawe huvumilia kimya muda mrefu, na likichoka halitoi notisi.

Kwamba maji ya jikoni yanatoka bafuni, dalili ulizozitaja zinatosha kunishawishi. Ukuta wa ndani haupigwi na mvua. Maji ya ardhini hayawezi kuruka ukuta mzima na kutokea darini. Doa la duara lenye ukingo wa rangi ya chai ni la maji yanayotiririka kutoka sehemu moja, yakalowa, yakakauka kidogo, yakalowa tena, na kila mara yakaacha uchafu wake pembezoni. Tena hukusema kwamba doa hilo hufuata msimu. Kinachobaki ni kujua kama maji yanapita sakafuni, kwenye bomba la kutolea maji machafu, au kwenye bomba la kuingizia maji safi, na hilo si la kukisia. Lakini majaribio haya yasifanywe mpaka mwega umesimama. Wacheni bafu siku tatu au nne bila kulitumia, huku mabomba yake yakiwa na maji kama kawaida, na mweke alama kwenye tangi usiku watu wakilala. Doa likiendelea kukua na maji ya tangi yakishuka bila mtu kufungua mfereji, bomba la kuingizia ndilo linalovuja. Doa likitulia, zibeni tundu la sakafu kwa kitambaa na mmwage maji kidogo tu sakafuni, mkae muda; likikua, sakafu ndiyo inayopitisha. Likibaki limetulia, zibueni tundu na mmimine ndoo moja yenye nili ya kufulia, kisha mwangalie chini siku ya pili; rangi ya nili ikitokeza, ni bomba la maji machafu. Mara nyingi nimekuta kosa ni la sakafu yenyewe, kwa sababu sakafu ya boriti hucheza kidogo kila mtu anapopita, vigae havichezi, na mahali hapo pawili panapokosa kuelewana ndipo ufa mwembamba kama unywele hufunguka baina ya kigae na kigae. Watu huamini vigae vinazuia maji. Havizuii, kazi ya kuzuia hufanywa na tabaka lililowekwa chini yake, na mafundi wengi huliruka kwa sababu mwenye nyumba halioni.

Sasa ukumbi, na hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo fedha za kaka yako zitapotea au zitafaa. Ukuta wako umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na jiwe la tumbawe, ukilikata, ni kama mkate wa kumimina: lina vijitundu kila mahali. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini kama utambi wa taa ya mafuta. Wajenzi wa zamani hawakuwa na karatasi ya nailoni tunayoitandaza leo juu ya msingi ili kuyakata maji yasipande, lakini walikuwa na jambo jingine: lipu ya chokaa na chokaa ya kupaka, ambazo huyaachia maji yatoke kwa njia ya mvuke kwa kasi ileile yanayopandia. Urefu wa alama ya maji ukutani ni mahali ambapo yanayopanda na yanayotoka yanalingana. Katika nyumba ya babu yako mizani hiyo ilikuwa magotini, na hapo ilikaa miaka na miaka bila kumsumbua mtu, isipokuwa kila baada ya misimu kadhaa mtu alipaka chokaa upya na mambo yakaendelea.

Ulilolisahau mpaka mwisho wa barua ndilo lililoivuruga mizani hiyo kwanza. Kichochoro kilipopandishwa kwa ngazi mbili, sehemu ya ukuta iliyokuwa hewani imezikwa ardhini, na sakafu ya saruji iliyomiminwa imezuia ardhi iliyo chini yake isipumue, hivyo maji yaliyokuwa yakitokea kichochoroni sasa hayana pa kutokea ila kuupanda ukuta wako. Kisha miaka minne iliyopita mkaufunga ukuta huo kwa ndani kwa saruji na rangi ya mafuta. Maji hayakupungua, yamenyimwa mlango wa chini yakatafuta wa juu, ndiyo maana leo yako kifuani. Vigae vya futi tano vikiwekwa, baada ya masika mawili au matatu utanitumia barua nyingine kunieleza kwamba alama iko juu ya kichwa chako, na wakati huo itakuwa inazikaribia boriti za ukumbini. Hapo ndipo ninapokuomba usikubali.

Unajuaje kwamba haya ni maji ya ardhini na si mvua inayopenya? Mvua ya pembeni, hasa ile inayosukumwa na upepo, haina adabu ya mstari: hulowesha mabaka, huanzia popote penye ufa au mlizamu uliokatika, yaani mfereji wa kushushia maji ya paa, huonekana saa chache au siku chache baada ya kunyesha, na hupungua jua likiwaka. Maji ya ardhini hupanda kwa usawa ukuta mzima, huanza chini daima, huacha ukingo ulio karibu kunyooka, na juu ya ukingo huo huwa pakavu kama ulivyosema. Hata hivyo usiiache milizamu bila kuitazama. Mvua kubwa ikinyesha, simama mlangoni na uangalie maji ya paa yanaangukia wapi. Yakiangukia kwenye sakafu ya kichochoro yatarukia ukuta na kuongezea mzigo palepale penye ugonjwa. Na uulize karo, yaani shimo la maji machafu, la nyumba yenu au la jirani, liko umbali gani na ukuta huo, kwa kuwa karo linalovuja huleta maji yasiyojua kiangazi.

Ule unga mweupe una habari yake. Maji yanayopanda hubeba chumvi iliyomo ardhini na ndani ya mawe yenyewe, na Mji Mkongwe haukosi chumvi: wazee wanakumbuka mkono wa bahari ulioingia nyuma ya mji, na Darajani kuitwa Darajani ni kwa ajili ya daraja lililovuka maji hayo. Ongeza chumvi inayoletwa na upepo, ongeza mchanga wa pwani ambao baadhi ya mafundi huutumia bila kuuosha, ongeza na chumvi zitokazo kwenye makaro. Maji yakifika usoni mwa ukuta hugeuka mvuke na kwenda zake, lakini chumvi haina mvuke. Hubaki, huganda, na inapoganda ndani ya vijitundu hukua na kusukuma mpaka lipu ipasuke. Ukichungulia kwa karibu asubuhi, kabla hujafagia, utaiona imetoka kama nyuzi za sufi zilizosimama. Ndiyo inayobandua rangi yako. Tena chumvi ya kawaida, hewa ikiwa na unyevu wa kiasi cha asilimia 75 au zaidi, huanza kuvuta maji kutoka hewani, na kisiwani kwetu siku za namna hiyo ni nyingi. Jasho unaloliona siku isiyo na mvua ni la chumvi hiyo, na litaendelea kuonekana hata baada ya maji ya ardhini kupunguzwa, mpaka chumvi yenyewe itolewe. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani kazi imeharibika.

Mafundi wa zamani waliutambua unga huo kwa kuuramba. Usifanye hivyo, hasa ikiwa hujajua karo liko wapi. Weka kidogo kwenye kisahani, udondoshee siki au maji ya ndimu: ukitoa povu, kuna chokaa iliyooshwa kutoka ndani ya ukuta au kwenye saruji, usipotoa povu na ukayeyuka kimya kwenye maji safi, ni chumvi. Pengine utapata vyote viwili.

Baada ya hapo gonga ukuta kwa kifundo cha kidole au kwa sarafu, kuanzia juu kushuka. Lipu iliyoshikamana hujibu kwa sauti fupi na nzito, na iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Chora kwa kalamu ya risasi mipaka ya sehemu zinazolia, na uandike tarehe kwenye ukingo wa juu wa unyevu, halafu urudie kila mwezi. Alama tatu au nne zenye tarehe zitamweleza fundi yeyote mambo ambayo maneno yako hayawezi. Kisha chagua sehemu moja inayolia, upana wa sinia, na mwombe fundi aifungue taratibu kwa tindo na nyundo ndogo. Ninatabiri utakayoyaona: saruji itatoka ganda zima, ngumu, na upande wake wa nyuma utakuwa umelowa na umeota chumvi, nyuma yake jiwe litakuwa na rangi nzito ya maji, na chokaa iliyo baina ya mawe, ambayo ilipaswa kukwaruzika kwa shida, utaichota kwa kucha kama uji uliopoa. Hilo la mwisho ndilo la kulitilia maanani, kwa sababu mawe ya ukuta huo hayakuchongwa yakakaliana, ni chokaa inayoyashika. Ukichota kwa urefu wa kidole na bado ni laini, usiendelee kubomoa, na usiruhusu mashine ya kutikisa; mwite mhandisi kwanza. Hali kadhalika ukiona ukuta umetoa tumbo, jambo ambalo utalipima kwa timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, au ufa unaopitisha ncha ya kidole na unaoendelea kupanuka.

Kuhusu kile kifaa kidogo chenye pini mbili ambacho mafundi wa siku hizi hukichomeka ukutani kikasoma namba kubwa ya kutisha, fahamu kwamba kinapima namna umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kwenye ukuta kama wako kitasoma mafuriko hata pakiwa nusu kavu. Anayekuuzia dawa kwa kutumia namba hiyo pekee, mshukuru na umsindikize mlangoni. Na akija mwingine wa kutoboa matundu mstari mmoja na kusukumia dawa ya kuyakata maji, mwambie njia hiyo ilibuniwa kwa kuta za matofali yaliyopangwa kwa mistari, wakati ukuta wa mawe ya matumbawe una kokoto na nafasi wazi tumboni mwake, dawa itapotelea humo.

Chumba cha mama hakinipi shida. Vidoti vyeusi ni ukungu, na ukungu wa nyuma ya kabati na kwenye pembe huota mahali ambapo hewa haitembei na uso wa ukuta ni baridi kuliko chumba. Ili uwe na hakika, bandika kipande cha nailoni cha futi moja kwa moja kwenye ukuta huo, ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku mbili au tatu: maji yakijikusanya juu ya nailoni yametoka hewani, yakijikusanya chini yake yametoka ukutani. Vutia kabati mbele kwa upana wa kiganja, fungueni madirisha asubuhi kabla ya kuwasha kiyoyozi, na hakikisheni bomba la maji ya kiyoyozi halimwagii ukuta kwa nje, kosa ambalo mtu akitembea vichochoro vya Mji Mkongwe ataliona limechora michirizi ya kijani kwenye nyumba nyingi tu. Ukungu ufutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mama akiwa hayumo chumbani.

Kwa hiyo mwambie kaka yako hivi. Fedha za kwanza ni za mwega, bafu na boriti, na hizo zisisubiri. Sakafu ya bafu itafunguliwa, boriti zilizooza zitabadilishwa na vichwa vya mpya viachiwe nafasi ya hewa ukutani badala ya kukandikwa chokaa pande zote, na kama mama anaweza kupata bafu chini, msilirudishe la juu kabisa. Za pili ni za kichochoro: mfereji mwembamba pembeni mwa ukuta, uliochimbwa mpaka usawa wa zamani na kujazwa kokoto, pamoja na kurekebisha mlizamu. Kichochoro si mali yenu, na nyumba za Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hazifanyiwi ujenzi wala ukarabati bila kibali cha mamlaka inayousimamia mji. Nendeni mapema, mkiwa na picha na zile alama zenye tarehe.

Za tatu, na za mwisho, ni za lipu, na hapo msiwe na haraka. Subirini masika yaishe. Mwezi Juni, kusi ikishaanza kuvuma, iondoeni saruji yote mpaka futi moja na nusu juu ya alama ya maji, kwa mkono, kisha mkauache ukuta uchi upepee mpaka karibu na vuli. Utakuwa mbaya wa kutazama, na wageni watauliza. Chumvi itakayotoka ifagiliwe ikiwa kavu kwa brashi, ikusanywe na kutupwa nje ya nyumba. Msiioshe kwa maji, kwani maji huirudisha ndani. Ukuta mnene kiasi hicho hautakauka wote kwa msimu mmoja, huenda ukataka mwaka au zaidi, lakini uso wake utatulia vya kutosha kupokea lipu ya chokaa iliyozimwa vizuri na kulala, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio wa pwani, kwa matabaka membamba, kila tabaka likingojewa na kufunikwa magunia mabichi ili lisikaushwe na upepo. Juu yake iwe chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta wala ya plastiki.

Lipu hiyo ya kwanza mimi huiita ya kafara, kwa kuwa kazi yake ni kuinywa chumvi iliyobaki na kuharibika badala ya mawe. Baada ya miaka michache itaanza kudondoka chini chini, na itabidi ibanduliwe na kupigwa nyingine. Mweleze kaka yako jambo hili sasa, kabla hajatuma fedha, ili siku utakapompigia simu kumwambia kwamba ukuta umeanza tena kutoa unga asidhani mmetapeliwa.

Yule fundi wako, ikiwa anakubali kufanya kazi ya chokaa, mpeni, ila mkataba useme wazi kwamba hakuna saruji itakayoingia kwenye mchanganyiko, hata kidogo cha kuharakisha. Usimlipe malipo ya mwanzo ya ukumbi mpaka umeshaichoma boriti ya jikoni kwa msumari na kuniandikia ulichokiona.